Mwaka Kyalo Alipokuja Nyumbani Mara Mbili

Tulimpoteza Kyalo mwezi wa sita. Alifia Uingereza, katika mji ambao mimi na yeye tumeishi kwa zaidi ya miaka thelathini, nyumba zetu zikiwa mitaa miwili tu mbali, na siku tuliyokutana kwake kupanga jinsi ya kumrudisha kijijini kwetu Katelembo, Machakos, azikwe kando ya mama yake, binti yake Mutheu alinishika mkono akaniingiza jikoni na kufunga mlango. Mutheu ni mtu mzima, ana watoto wawili, lakini Machakos ameiona mara moja tu, akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa ameshika kalamu na karatasi. "Anti," akaniambia, "nibebe nini? Niwape nini? Nikae siku ngapi? Sitaki kuwakosea." Nilimjibu kama ninavyowajibu vijana wote wanaoniuliza, maana siku hizi mimi ndiye mkubwa kati yetu na wanadhani nimeyajua yote. Nilimwambia asigawe zawadi siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza nyumba inajaa watu, na atakayesahauliwa atakuwa amekaa pale pale akitazama. Viatu asinunue kwa kukisia. Asiahidi kitu akiwa mezani, kwa sababu neno la mgeni wa ng'ambo hufika sokoni kabla vyombo havijaoshwa. Akubali chai kila nyumba, hata kama ni ya sita siku hiyo. Aliandika yote. Halafu nikanyamaza, kwa sababu niliona kwamba hayo ni mambo ya juu juu, na lile ninalolijua kweli kuhusu kurudi nyumbani sikujifunza nikirudi. Nilijifunza nikiwa upande wa wanaongoja, mwaka niliokuwa na miaka ishirini, katika nyumba ya nyanya yake Mutheu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja nafasi katika chuo cha uuguzi, na mwezi wa kwanza nikapelekwa Katelembo kwa Shangazi Mbithe, mama yake Kyalo, aliyekuwa mjane anayekaa peke yake, nimsaidie kazi za nyumba. Nilimwita Mwaitu, yaani mama, jinsi sisi Wakamba tunavyowaita wanawake wa rika la mama zetu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu na sebule, na jiko lilikuwa nje, limejaa moshi na harufu ya mbaazi zinazochemka tangu asubuhi. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vya mbao vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe zamani, redio juu ya rafu, na kabati la vyombo vya wageni ambalo halikufunguliwa ovyo. Kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni mpangilio. Vikombe vyote vilikaa mikono yake ikiangalia upande mmoja. Mkebe wa chumvi ulikuwa umefungwa mpira, wa sukari haukufungwa, na wa majani ya chai ulikuwa na kitambaa. Nikirudisha kijiko mahali si pake, atakitafuta kwa kupapasa meza polepole, aseme kwa sauti ya kawaida, "Ndunge, kila kitu kwa hii nyumba kiko na kwao." Nilidhani ni ule usafi wa wanawake wa chama cha akina mama kanisani. Nilimwandikia dada yangu kwamba nimepata shangazi mkali.

Lakini nilianza kuona mengine. Muthokoi aliouchagua yeye, yaani ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ambao tulikula karibu kila siku, ulikuwa na mawe. Nikiuchagua mimi, hakuna jiwe. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kama wengine, akaimba beti zote bila kukosea, ila ukurasa alioufungua haukuwa wa wimbo huo. Jirani akiingia bila kusema, yeye hakumsalimu mpaka asikie sauti. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa moja: ni moshi. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa pili nilitoka kuchota maji kwa tangi, na niliporudi nikamkuta amesimama sebuleni akizungumza nami. Alikuwa anauliza kama nimemwaga maji ya kuosha vyombo kwa mboga au nje ya ua, na kwa nini sijibu nikiulizwa na mtu mkubwa. Alikuwa analiambia koti langu la mvua, nililokuwa nimelitundika kwa msumari wa mlango. Nilisimama nyuma yake na ndoo mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Sikucheka. Nikasema, "Niko hapa, Mwaitu." Akageuka, akavuta kiti na kukikalia. "Sasa umejua," akasema.

Aliniambia mambo yote siku hiyo, tukiwa tumekaa mlangoni mahali jua la asubuhi lilipoingia. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu macho yaanze kufunga. Kwanza yalikuwa kama glasi yenye mvuke, halafu kama maziwa, na sasa alijua mchana na usiku, na mtu akipita dirishani alijua kuna kitu kimepita. Mama yake mwenyewe alikufa haoni, na nyanya yake pia, kwa hivyo kwake hilo halikuwa ugonjwa, lilikuwa jambo la ukoo, kama vile sisi wengine tunavyorithi miguu mirefu. Hakuwa ameenda hospitali yoyote. Kisha akanishika goti. "Kyalo anakuja mwezi wa nne," akasema. "Ni miaka kumi na moja tangu aende. Asijue." Nikamuuliza kwa nini. Vidole vyake vilikunja na kukunjua pindo la leso. "Akijua, atakuja kuangalia mgonjwa. Halafu ataacha masomo na kazi yake arudi kukaa hapa, iwe ni mimi mwenyewe nimemlaani kwa kukosa macho. Mimi nataka aje kama mtoto anakuja kwao. Mwezi mmoja tu. Utanisaidia?" Nilikuwa na miaka ishirini na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nikaahidi.

Miezi miwili ile tuliandaa nyumba kama wanaoandaa arusi. Alinunua godoro jipya. Chumba cha Kyalo tulikipaka chokaa, yeye akipaka kwa kupapasa ukuta kwa mkono wa kushoto na kupitisha brashi kwa wa kulia, mimi nikifuata nyuma kufunika mahali alipoacha. Tulifanya mazoezi. Tulihesabu hatua kutoka jikoni mpaka meza ya sebuleni, kumi na tisa, na kutoka mezani mpaka kiti ambacho mgeni angekalia, nne. Tulikubaliana kwamba mimi nitamwaga chai na yeye atapeleka, na kwamba nikikohoa mara moja kuna kitu njiani. Siku nyingine alinifanya nitembee mbele yake na viatu vya marehemu mumewe ili azoee kumsikia mwanamume ndani ya nyumba. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo ninalokumbuka zaidi, kwamba katika uongo ule wote tulicheka sana, na jioni alikuwa akiniambia Kyalo anapenda chapati ngumu kidogo kwa ukingo, Kyalo halali bila kufunika miguu, Kyalo anaogopa kuku anayeatamia. Nimekaa ng'ambo muda mrefu, na kila ninaponunua tiketi huwa nakumbuka kwamba huko ninakokwenda kuna mtu anayehesabu hatua.

Alifika na gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege, na masanduku matatu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na nne, mnene, mwenye sauti ya kupendeza, na alimfuata mama yake mlangoni akiwa amefungua mikono. Shangazi alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akapitisha vidole juu ya nyusi, pua, mashavu, mpaka kidevuni, na watu waliokuja kumpokea wakasema angalia mapenzi ya mama. Mimi peke yangu nilijua kwamba alikuwa anamtazama. "Umenona," akamwambia, na Kyalo akacheka. Masanduku yalifunguliwa saa ile ile, katikati ya majirani na wajomba na watu wa kanisa. Viatu vilikuwa vya miguu ambayo watu walikuwa nayo miaka kumi na moja iliyopita. Mjomba mmoja alikosa na akatoka nje kimyakimya kuangalia ng'ombe, akarudi nyumbani kwake bila kula. Shangazi alipewa saa ya mkononi, ndogo, ya dhahabu. Baada ya chakula Kyalo akamwambia mbele ya wote, "Haya Mwaitu, tuambie sasa ni saa ngapi." Nilisimama na sinia mkononi. Shangazi akainua mkono, akaitazama saa kwa makini. "Miaka kumi na moja umeniacha nikiangalia jua," akasema, "na siku ya kwanza unataka niache? Angalia mwenyewe." Watu walicheka mpaka wakashika meza.

Baada ya siku tano Kyalo alihamia mjini, kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Alisema ni kwa sababu ya simu za kazini kwake, na mgongo, na maji ya kuoga, na yote yalikuwa kweli. Alisema kwa upole, akiwa amekaa pembeni ya mama yake na kumshika bega, na Shangazi akamwambia ni sawa, kazi ni kazi. Gari lilipoondoka aliingia kwenye kile chumba cha chokaa akakalia godoro jipya. Nilimpelekea chai huko. "Sasa naweza kupumzika," akaniambia. "Nilikuwa nimechoka kuhesabu." Aliinama akanyoosha shuka kwa kiganja, mahali ambapo tayari palikuwa pamenyooka, akaendelea kunyoosha. Sijui mpaka leo ni kitu gani kilikuwa kikubwa zaidi moyoni mwake, nafuu au uchungu, na nadhani hakuwa anajua yeye mwenyewe. Kyalo alikuja kila siku ya pili, saa sita, na kuondoka saa kumi. Alikuwa na watu wengi wa kuona. Alikuwa akinipungia mkono kutoka garini na kuniuliza, "Ndunge, Mama yuko sawa?" Nami nilijibu yuko sawa.

Siku ya mwisho alileta albamu ya picha. Alikuwa ameoa huko, mke wake hakuweza kusafiri kwa sababu mtoto alikuwa mdogo, na alitaka mama yake amwone mjukuu. Walikaa kwenye kiti kimoja, albamu magotini mwao, na mimi nilikuwa naondoa sahani za mchele na kuku. Kyalo alifungua ukurasa mmoja uliokuwa na picha mbili kubwa, ya mtoto upande mmoja na ya gari lake upande mwingine, akasema, "Huyu hapa ndiye Mutheu wako. Anafanana na nani?" Shangazi akaweka kidole juu ya gari. Akakipitisha pale taratibu, kwa upendo mkubwa. "Anafanana na wewe," akasema. "Hata wewe ulikuwa mnene hivi." Kyalo alimtazama, kisha akatazama picha, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa kupangusa machozi, akasema Mwaitu bado una utani wako. Akafungua ukurasa mwingine. Shangazi naye akacheka pamoja naye, na wala hakujua wanacheka nini. Nilienda jikoni nikaweka sahani chini na kusimama pale. Kyalo hakuwa mtu mbaya. Nimemjua maisha yangu yote baada ya hapo na nimezika wachache wazuri kuliko yeye. Alikuwa tu ametoka mbali sana akiwa na picha ya mama yake kichwani, na alikuwa amekaa na ile picha mwezi mzima.

Mwezi wa saba Shangazi alijimwagia uji wa moto mguuni. Nilikuwa nimeenda sokoni. Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, mguu ndani ya karai la maji, ananiambia nisipige kelele. Nilimfunga, nilimuuguza wiki tatu, na katika wiki hizo niligundua kwamba nikipata barua ya chuo nitaondoka na yeye atabaki na ule moto peke yake. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, na simu ya mjini ilikuwa dukani, mahali kila mtu anasikia. Kwa hivyo niliandika. Nilinakili anwani kutoka kwa bahasha ya zamani, na nilikaa siku nne nikirarua karatasi. Barua niliyoituma mwishowe ilikuwa fupi. "Kaka Kyalo, mama yako haoni. Sisemi anaona vibaya, haoni kabisa. Ulipokuja alikuwa anakuhesabia hatua. Alinikataza kukuambia. Ameungua mguu. Mimi nitaondoka siku si nyingi." Sikumwomba aje wala alete kitu. Niliitia kwenye sanduku la posta mjini na kurudi Katelembo kwa miguu, njia yote nikijua kwamba nimemsaliti mtu aliyeniamini.

Jibu halikuja. Mwezi wa nane ukaisha, wa tisa, wa kumi. Mvua za vuli zikanyesha, tukapanda mahindi na kunde kwenye matuta, Shangazi akitembea na kamba niliyoivuta kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Nilianza kufikiri kwamba barua imepotea, na siku nyingine niliomba iwe imepotea.

Alikuja mwezi wa kumi na mbili, siku ya kawaida, saa nne asubuhi, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mbaazi na niliona mtu kwa lango. Alikuwa na mkoba mmoja mdogo begani. Nilitaka kuita, lakini aliniona na akaweka kidole mdomoni. Shangazi alikuwa anafagia ua kwa ufagio wa matawi, kama kila asubuhi, akianzia kwa tangi na kushuka kuelekea langoni, mistari iliyofuatana sawasawa kwenye vumbi. Kyalo alisimama katikati ya ua, hakusogea wala hakusema. Alikuwa anataka kuona, nadhani, kama niliyoyaandika ni kweli. Mama yake alifagia akimkaribia, ameinama, akiimba chini chini. Ufagio ukagonga viatu vyake. Shangazi akaacha kuimba, akavigonga tena kwa ncha ya ufagio kujua ni nini. "Ndunge," akaita bila kuinua kichwa, "nani ameacha viatu hapa uani?"

Nimeona mambo mengi katika kazi yangu ya uuguzi, nimesimama kando ya vitanda vingi, lakini sijaona tena uso kama ule wa Kyalo siku hiyo. Alichuchumaa chini, pale pale mbele yake, hadi kichwa chake kikawa usawa wa mikono ya mama yake. "Ni mimi, Mwaitu," akasema. "Ni mimi niko ndani." Ufagio ulianguka. Shangazi alinyoosha mkono akamgusa kichwa, akaurudisha haraka, akageuza uso upande wa jikoni, mahali nilipokuwa. Hakuniona, lakini alijua nilipo. Kisha akamshika mwanawe mkono, akamwambia ainuke, atachafua suruali.

Wiki hiyo hiyo alimpeleka hospitali ya macho, na mimi niliwasindikiza. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka, alimulika taa kila jicho, akaandika, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba jicho la kulia litapasuliwa kwanza, kesho kutwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha. Shangazi akamuuliza kama anajua kwamba hili ni jambo la ukoo wao, mama yake na nyanya yake. Daktari akaacha kuandika. "Inawezekana hata wao wangeona, Mama," akasema. Tulikaa kwenye benchi ya nje muda mrefu baada ya hapo. Shangazi alikuwa amefunga macho. "Mama yangu alikufa akiniuliza niko na rangi gani," akasema. Kyalo akamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Na wewe," akamjibu, "kwa nini hukuuliza?" Kyalo akamshika mkono, na walikaa hivyo mpaka tukaitwa.

Bendeji ilitolewa siku iliyofuata upasuaji. Muuguzi alimwambia afungue jicho polepole. Aliona dirisha kwanza, akaligeukia, akalitazama kama kwamba halijawahi kuwako dirisha duniani. Kisha akamgeukia Kyalo. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, akarudi juu, akatulia. "Hiki kipara umekitoa wapi?" akauliza. "Na hakuna mtu aliniambia." Kyalo alicheka na kulia kwa pamoja. Mama yake alikuwa anamkumbuka kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye nywele nyingi, na mwezi wa nne alipomshika uso mikono yake ilikuwa imeanzia kwenye nyusi.

Kyalo alikaa wiki tano, na alilala kwenye chumba cha chokaa kila siku. Alichota maji, alimtia mama yake dawa ya matone kwa saa, alimkataza kuinama na kupulizia moto, akapika yeye mwenyewe, vibaya. Watu walipoanza kuja kwa sababu wamesikia yule wa ng'ambo amerudi, Shangazi alitoka langoni na bendeji yake akawaambia, "Leo sipokei wageni. Niko na mgeni." Albamu iliyobaki nyumbani ilifunguliwa tena na akaangalia kila picha, ile ya Mutheu akaitoa na kuibandika ukutani, na ya gari akaomba asiulizwe. Mchana walikaa mlangoni wakizungumza mambo madogo madogo, ng'ombe fulani aliyekufa zamani, mwalimu fulani, na mara nyingi walinyamaza tu, mama akimtazama mwanawe. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia Mutheu jikoni siku ile, na baadaye nilimwambia, ila si ya kuandikwa kwenye karatasi: acha wiki ya kwanza wazi, lala kwenye kitanda ulichoandaliwa hata kama kinakuumiza mgongo, na usiulize kama wako sawa, kwa sababu watasema wako sawa. Kaa nao kazini. Chagua mchele nao. Angalia mikono yao ikitafuta kijiko.

Kabla ya kuondoka Kyalo aliniita kando ya tangi. "Barua yako ilikaa wiki sita kwa meza yangu bila kufunguliwa," akaniambia. "Niliona imetoka nyumbani, nikajua kuna mtu anataka kitu. Nisamehe." Nilimwambia si kitu. Hakuniuliza mama yake ananichukuliaje, na mimi sikusema. Lakini tangu siku ile ya ufagio Shangazi alikuwa ananiambia yaliyo ya lazima tu. Leta maji. Funga kuku. Asante. Hakunikaripia hata mara moja, na heri angenikaripia. Kyalo alipokwenda tulibaki wawili tena katika nyumba ile. Barua ya chuo ilikuwa imefika. Nilikuwa nimebakiza siku nane.

Siku ya tatu kabla sijaondoka aliniambia nivae viatu, tunaenda mjini. Tulitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa na kuifuata. Jicho la pili lilikuwa bado halijafanyiwa, lakini lile moja lilimtosha. Alianza kusoma. Kila bango lililokuwa kando ya barabara alilisoma kwa sauti, bila kunigeukia, kama mtoto wa darasa la pili. "Kinyozi. Mafuta ya taa hapa. Tunashona sare za shule. Usitupe taka. Kanisa, ibada saa tatu." Akisoma moja, alisimama kidogo, akaliangalia tena. "Hii duka walipaka rangi lini?" akauliza, nami nikamwambia sijui, nililikuta hivyo. Tukaendelea. Watu walimsalimu na aliwajibu kabla hawajafungua mdomo, kwa majina yao, na niliona jinsi alivyonyoosha shingo kila alipofanya hivyo. Tulipofika sokoni, mbele ya maduka ya nafaka, alisimama, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama mimi.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilingoja lile lililokuwa linakuja. "Ndunge," akasema, "hizi nywele zimekuwa hivi mwaka mzima?"

Nikasema ndiyo, Mwaitu.

"Umetembea hivi kwa nyumba yangu. Umeenda kanisani na mimi hivi. Watu wakituona."

"Ndiyo, Mwaitu."

Akaingia duka la karibu, akatoka na kitana na kopo dogo la mafuta. Kulikuwa na benchi ya mbao mbele ya duka la nafaka, akaikalia na kunionyesha chini, kati ya magoti yake, juu ya gunia tupu. Nilikaa. Alinifungua nywele, akanichana kwa nguvu, akaniambia nitulie. Kisha akaanza kusuka. Hakusema chochote kuhusu barua, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Watu walipita na vikapu vyao, wengine wakisimama kuangalia mama anayemsuka msichana mkubwa katikati ya soko, naye aliinama karibu na kichwa changu, nikisikia pumzi yake kwenye sikio langu, akigawanya nywele kwa ncha ya kitana na kurudia kila mahali palipopinda. Alichukua mchana wote. Alipomaliza nilipitisha vidole kichwani kutoka usoni mpaka kisogoni, na kila mstari ulikuwa umenyooka.